Kipepeo wa kahawia wa Usambara: Mmoja huonekana wawili, wawili huonekana mmoja

Ukipanda kutoka Muheza kwenda Amani, vipepeo wa kwanza kukuvuta macho ni wale wakubwa wenye rangi kali. Weusi wenye bluu, weupe, wa manjano. Simu zinatoka mifukoni, picha zinapigwa.

Chini kabisa, kwenye majani makavu kando ya njia, yuko mwingine. Ni mdogo, wa kahawia, anaruka kwa kudundadunda karibu na ardhi. Anatua hatua chache mbele, anafunga mabawa, humwoni tena. Wengi humwita nondo na kuendelea na safari.

Kumbe huyo asiyetazamwa anaweza kukueleza habari za msitu kuliko wale wanaopigwa picha. Shida ni moja tu: kumtambua ni kazi. Ana ndugu wengi wanaofanana naye, na yeye mwenyewe hubadilisha sura kutokana na msimu.

Hapa kuna maelezo ya namna ya kumjua, na kwa nini jina lake likikosewa si jambo dogo kwa milima ya Tanga.

Ni nani huyu?

Kundi lake wataalamu huliita Bicyclus. Lina spishi zaidi ya 100, karibu zote za Afrika kusini mwa Sahara. Mabawa yakikunjuliwa, wengi wao wana upana wa sentimita 4 hivi.

Si nondo. Mtazame vipapasio vya kichwani: ni vyembamba na vimenenepa kidogo kwenye ncha. Nondo wengi wana vipapasio kama unyoya au uzi usio na kichwa. Halafu hesabu miguu. Anasimama kwa minne tu, kwa sababu miwili ya mbele ni mifupi na ameikunja kifuani.

Viwavi wake hula nyasi. Mkubwa hajali sana maua. Anapenda matunda yaliyoanguka na kuanza kuchacha: mapera, maembe, ndizi, fenesi lililopasuka. Ukitaka kumwona, usimtafute bustanini. Nenda chini ya mpera uliomwaga matunda.

Akitua hufunga mabawa, kwa hiyo upande unaouona ni ule wa chini. Hapo ndipo alama zake kubwa zilipo: madoa ya mviringo yanayofanana na macho. Doa lililokamilika lina nukta nyeupe katikati kama mboni, duara jeusi, kisha pete ya rangi ya dhahabu. Kwenye bawa la mbele madoa huwa mawili, la juu dogo na la chini kubwa. Kwenye bawa la nyuma huwa saba, yamejipanga kando ya ukingo.

Kwanza, watenge wasio ndugu wa karibu

Kabla ya kuhangaika na spishi, ondoa wale wanaochanganywa naye. Tanga wapo angalau watatu wa kuangaliwa.

Wa kwanza ni Melanitis leda. Huyu yupo Afrika, Asia hadi Australia, na alipewa jina na Linnaeus mwaka 1758. Ni mkubwa, mabawa yake hupita sentimita 6. Huruka zaidi jioni giza linapoanza kuingia, na wakati mwingine huja kwenye taa za nyumbani. Upande wa juu, karibu na ncha ya bawa la mbele, ana doa jeusi lenye nukta nyeupe, na kando yake rangi ya machungwa. Bawa la nyuma lina kona iliyochomoza.

Wa pili ni Gnophodes betsimena, wa kivuli cha msituni. Naye ni mkubwa na hupenda jioni. Kinachomtambulisha ni utepe wa manjano kwenye bawa la mbele.

Wa tatu ni kundi la Ypthima. Hawa ni wadogo, wa nyasi za wazi, na utawakuta hata pembeni ya kiwanja cha mpira. Kwenye bawa la mbele wana doa moja kubwa, lakini ndani yake mna mboni mbili zenye wepesi wa bluu. Mboni mbili ndani ya pete moja ya manjano: ukiona hivyo, umeshatoka kwenye Bicyclus.

Ukishawaondoa hao watatu, kazi yenyewe ndiyo inaanza.

Nguo mbili kwa mwaka

Chukua spishi inayoitwa Bicyclus anynana. Arthur Butler aliipa jina mwaka 1879, na inapatikana mashariki na kusini-mashariki mwa Afrika, Tanzania ikiwemo.

Wakati wa mvua, madoa yake ya macho ni makubwa na yanang'aa. Wakati wa ukame, kipepeo wa spishi hiyo hiyo huwa na madoa madogo mno, au vinukta tu. Bawa lote linakuwa kama jani lililokauka.

Si kwamba kipepeo mmoja huvua nguo na kuvaa nyingine. Mabawa yakishakamilika hayabadiliki tena. Uamuzi hufanyika mapema, mnyama akiwa bado kiwavi katika siku zake za mwisho kabla ya kuwa pupa. Jambo kubwa linaloamua ni joto. Kwenye maabara, kiwavi akilelewa kwenye nyuzijoto 27 hutoka kipepeo wa mvua. Akilelewa kwenye 17 hadi 20 hutoka wa kiangazi.

Hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1988 majike zaidi ya 80 wa spishi hiyo walichukuliwa Nkhata Bay, Malawi, na kupelekwa Leiden, Uholanzi, ambako Paul Brakefield na wenzake walianza kuwazalisha. Vizazi vya vipepeo hao vimeenea kwenye maabara za nchi nyingine pia, Singapore ikiwa mojawapo. Mdudu ambaye mtu wa Muheza humpita bila kumtazama ni miongoni mwa vipepeo waliochunguzwa sana duniani.

Kwa nini ajisumbue kuwa na nguo mbili? Sababu ni maadui. Wakati wa mvua kuna majani mabichi, na kipepeo yuko kwenye pilikapilika za kutafuta mwenza na kutaga. Hawezi kujificha muda wote. Madoa ya ukingoni humfanya vunjajungu au mjusi ashambulie kingo za bawa badala ya mwili. Kipepeo anapoteza kipande cha bawa, anaondoka na roho yake.

Kiangazi mambo hugeuka. Nyasi zimekauka na kipepeo hutulia muda mrefu kwenye majani makavu. Hapo doa linalong'aa lingemuumbua. Bora afanane na jani.

Kwa mtu wa pwani na milima ya Tanga, maana yake ni rahisi. Kiwavi aliyekua katika joto la masika, kati ya Machi na Mei, na yule aliyekua wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, wanaweza kutoa vipepeo wasiofanana ingawa ni wa spishi moja. Kwenye mpaka wa misimu utakuta pia wale wa katikati, wenye madoa ya wastani.

Kosa lililowahi kuwapata wataalamu

Kudanganywa na msimu si aibu ya wanaoanza tu.

Kuna kipepeo mwingine wa Afrika, Precis octavia, ambaye wa msimu wa mvua ni mwekundu na wa kiangazi ni wa bluu. Kwa miaka mingi waliandikwa vitabuni kama spishi mbili. Mwaka 1898 Guy Marshall, akiwa katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, alifuga na kuthibitisha kwamba nyekundu na bluu hutoka kwenye uzazi mmoja.

Hao walitofautiana kama moto na maji, bado ilichukua muda kugundulika. Sasa fikiria vipepeo ambao wote ni wa kahawia, na tofauti yao ni ukubwa wa doa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: ukubwa wa madoa peke yake usikupe jina. Unaweza kukuambia msimu, usikuambie spishi.

Ndugu wa karibu, na makazi yao

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza: kuona vipepeo wawili tofauti na kuwaita mmoja kwa sababu wote ni wa kahawia. Hapa mahali ulipomkuta husaidia sana.

Bicyclus safitza ndiye wa kawaida zaidi. Alipewa jina mwaka 1850 na ameenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Anapenda nyasi, vichaka, kingo za msitu na mashamba yaliyoachwa. Msitu ukifyekwa, huyu hapati hasara kubwa. Nyasi zikiongezeka, naye anaongezeka.

Bicyclus anynana naye ni wa vichaka na miti iliyoachana. Huweza kukutwa sehemu moja na safitza, na hapo ndipo watu huwachanganya.

Bicyclus ena ni wa sehemu kavu zaidi, hasa kwenye vilima vyenye mawe.

Bicyclus campina ni wa misitu ya mashariki mwa Afrika. Hakai sana kwenye jua la wazi.

Kisha yuko Bicyclus danckelmani, aliyepewa jina mwaka 1891. Huyu ni wa misitu ya milimani ya mashariki mwa Tanzania. Hana Ulaya yake wala Asia yake ya kukimbilia, na hata Afrika kwingine hapatikani. Misitu yake ikiisha, amekwisha.

Weka safitza na danckelmani mezani mbele ya mtu asiyezoea, atakwambia ni kitu kimoja. Mmoja ni kama shomoro, yupo kila mahali. Mwingine nyumba yake ni milima michache tu duniani.

Siri iko kwa dume

Wataalamu hutofautishaje, kama madoa hayaaminiki?

Jibu liko kwa madume. Upande wa juu wa mabawa, dume wa Bicyclus ana vishungi vya nywele na mabaka maalumu yanayotoa harufu. Harufu hiyo ndiyo anayotumia kumbembeleza jike. Vishungi viko vingapi, viko sehemu gani ya bawa, vina rangi gani, na baka lake lina umbo gani: mambo hayo hutofautiana kati ya spishi na spishi, na hayategemei madoa ya msimu.

Ina mantiki. Madoa ni kwa ajili ya maadui, na adui hubadilika na msimu. Harufu ni kwa ajili ya mwenza, na mwenza lazima awe wa spishi yake mwaka mzima.

Alama ya pili ni mstari wa wima unaopita katikati ya mabawa upande wa chini. Je, umenyooka au umepinda? Ni mwembamba au mpana kama utepe? Umefifia au umekolea?

Majike ni wagumu zaidi kwa sababu hawana vishungi. Mara nyingi hutambuliwa kwa kulinganishwa na madume waliokamatwa mahali hapo hapo. Ikishindikana kabisa, wataalamu hupima vinasaba, na kipande kidogo cha mguu huweza kutosha.

Kazi hiyo ina vitabu vyake. Michel Condamin alichapisha uchambuzi mkubwa wa kundi hili mwaka 1973, na Jan Kielland akatoa kitabu cha vipepeo wa Tanzania mwaka 1990. Wanaoandika orodha za vipepeo wa Usambara bado huvirejea.

Jina likikosewa, kuna nini?

Milima ya Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Misitu yake imekaa kama visiwa: juu ni unyevu na ukungu, chini ni nyika na mashamba. Viumbe wa juu hawawezi kushuka na kuvuka kirahisi kwenda mlima mwingine. Ndiyo maana milima hii ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingine.

Amani iko mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari na hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997. Lakini pembeni ya msitu huo kuna mashamba ya chai, iliki, ndizi, na vichaka vya mapera. Ukitembea nusu saa unaweza kupita vyote hivyo.

Sasa chukua mtu anayeandika orodha ya vipepeo wa eneo fulani. Mwaka huu ameandika "kipepeo wa kahawia, wengi". Miaka kumi baadaye anarudi, anaandika tena "kipepeo wa kahawia, wengi". Kwenye karatasi, hakuna kilichobadilika. Msitu uko salama.

Lakini huenda wale wa kwanza walikuwa wa kivulini, na hawa wa sasa ni safitza waliofuata nyasi baada ya miti kukatwa. Idadi ni ile ile, rangi ni ile ile, msitu haupo. Spishi ya mlimani inaweza kutoweka hivyo, kimya kimya, huku kila mtu akiamini bado anaiona.

Kosa la upande wa pili nalo lina madhara. Mtu akihesabu wa mvua na wa kiangazi kama spishi mbili, orodha inanenepa bila sababu. Eneo linaonekana tajiri kuliko lilivyo.

Vipepeo na mfuko wa mwanakijiji

Watu wa Amani wanajua kwamba kumfahamu kipepeo kuna thamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianza Mradi wa Vipepeo Amani, kazi iliyofanyika chini ya Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG). Wanakijiji walifuga vipepeo, wakauza pupa kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Kenya walitangulia: mradi wa Kipepeo ulianza Gede mwaka 1993, jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke.

Mfugaji hawezi kubahatisha. Kila kiwavi ana majani yake. Ukikosea spishi, unampa majani asiyoyala, anakufa. Ukituma pupa asiye sahihi, mnunuzi analalamika. Majani yenyewe yanatoka msituni, kwa hiyo mfugaji ana sababu ya kutaka msitu ubaki.

Mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, na vipepeo wakaguswa. Soko la nje lilikatika. Ujuzi wa kuwatambua vipepeo, hata hivyo, haukupigwa marufuku, na ndio unaomwezesha kijana wa kijijini kumwongoza mgeni msituni na kumweleza anachokiona.

Ukiwa na simu yako

Huhitaji maabara ili picha yako iwe na faida. Zingatia haya:

- Mpige kwa ubavu, mabawa yakiwa yamefungwa. Shusha simu hadi usawa wake. Bawa la nyuma lote lionekane, ili madoa saba yahesabike.

- Subiri afungue mabawa. Huwa anafanya hivyo asubuhi akiota jua. Picha ya upande wa juu huweza kuonyesha vishungi vya dume. Piga nyingi, utachagua baadaye.

- Andika mahali, tarehe na mwinuko. Simu nyingi zinaonyesha mwinuko. "Tanga, Julai" haitoshi. "Kando ya msitu, Amani, mita 900" inasaidia zaidi, kwa sababu tarehe inaeleza msimu na mwinuko unaeleza makazi.

- Andika alikuwa wapi hasa: juani kwenye nyasi, ukingoni, au ndani kwenye kivuli kizito.

- Tumia chambo kama huwaoni. Ndizi mbivu iliyopondwa na kuachwa siku mbili tatu hadi ichache, ukiiweka kwenye sahani chini ya mti, huwaleta wenyewe. Usimwage dawa wala sukari nyingi, sisimizi watakutangulia.

- Jihadhari na wazee. Kipepeo aliyeishi muda mrefu hupoteza unga wa mabawa, rangi hufifia na madoa hukatika. Huyo usimpe jina kwa haraka.

- Ndani ya hifadhi usimkamate bila kibali. Picha inatosha.

Ukishapata picha, unaweza kuiweka kwenye programu ya iNaturalist, ambako watu wa nchi mbalimbali husaidiana kutambua viumbe. Kama huna uhakika wa spishi, andika "Bicyclus" na uishie hapo. Jina la ukoo lililo sahihi lina faida kuliko jina kamili la kubahatisha. Mtaalamu anaweza kulimalizia baadaye. Jina la uongo huingia kwenye kumbukumbu na kukaa humo miaka.

Na ukirudi njia ile ile miezi sita baadaye, rudia picha. Mahali pale pale, msimu mwingine. Ukiziweka pamoja, picha hizo mbili zitakuonyesha kipi kimebadilika: nguo ya kipepeo, au msitu wenyewe.